Mia na Thelathini na Moja

Taa ya chungwa iliwaka Jumanne,
kijipicha cha injini, kidogo kama kunguni,
na gari likaanza kukohoa penye makutano
mbele ya watu wanaonijua.

Badri wa gereji ya tatu hatumii kifaa.
Huegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni,
hufumba macho, hunusa, husema: "Uza."
Amewaambia hivyo wenye magari wote wa mtaa wetu hapa Rustavi,
na nusu ya magari hayo ameyanunua yeye.

Basi nikanunua changu sokoni, lari arobaini,
cheusi, uzito wa mche wa sabuni,
waya wake una kichwa chenye meno kumi na sita.
Nikapiga magoti kwenye saruji yenye barafu,
mimi Tsiala, miaka thelathini juu ya kreni ya kiwanda cha chuma,
nikapapasa chini ya usukani
kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo umeme ukiwa umekatika,
mpaka kikaingia. Kioo kikapata nuru.

P, sufuri, tatu, sufuri, moja.

Silinda ya kwanza inaruka mapigo.
Kikasema hivyo, kikanyamaza.
Nilidhani nimenunua daktari,
kumbe nimenunua karani wa mapokezi:
anajua kitanda, hajui ugonjwa.
Yaliyobaki ni yako na spana namba kumi.

Nikahamisha koili. Ya kwanza nikaipeleka silinda ya tatu,
ya tatu nikaileta ya kwanza,
kwani ugonjwa ukihama na koili, koili ndiyo mgonjwa,
ukibaki palepale, kopa pesa.
Nikawasha, nikasubiri, nikapuliza vidole.
Ukahama.

Ilibaki kufuta tu. Lakini kidole, kwa baridi,
kikateleza kwenye kitufe nisichokijua,
na kifaa kikanifungulia ukurasa wa siku ile ya kwanza,
dakika ileile kosa lilipotokea, imegandishwa kama samaki sokoni:
joto la injini, tisini na mbili.
Mwendo, mia na thelathini na moja.

Mimi sijawahi kuvuka themanini.
Wenye baiskeli hunipigia kengele nisogee.

Nikakaa kwenye ndoo.

Nugzari wangu, tangu kiangazi, ana betri kifuani,
na waya mwembamba ushukao moyoni.
Amekatazwa kuendesha mpaka machipuko.
Wiki iliyopita daktari alimwekea kifaa juu ya shati,
kisichopita hiki changu kwa ukubwa,
akasoma, akakunja uso: "Tarehe tisa, saa saba usiku,
moyo ulikwenda mbio. Ulikuwa unafanya nini?"
"Nilikuwa nikicheza nardi," akasema Nugzari,
"na nilikuwa nashinda."

Kifaa changu hakina tarehe.
Hakijui pia ni nani aliyeshika usukani,
wala kama alifungua kioo cha dirisha, wala kama alicheka.

Koili nyingine nilipewa na Badri, kwa bei ya wizi.
Nikaifunga. Injini ikatulia, ikanguruma kama paka aliyeshiba.
*Futa kumbukumbu? Ndiyo. Hapana.*
Nilikawia hapo kuliko kazi yote.
Ndiyo.
Namba ikafutika kila mahali isipokuwa kwangu.

Lifti ilikuwa imekufa, nikapanda ngazi nne.
Alikuwa jikoni, ubao umefunguliwa, dadu mkononi,
akicheza dhidi ya kiti changu.
Nikanawa grisi, nikampa mgongo.
"Barabara ya Gardabani," nikasema, "nasikia imejaa mashimo."
"Nani kasema? Hakuna hata shimo moja, ni laini kama—"

Dadu zikamponyoka.
Moja ilisimama kwenye sita.
Nyingine ilikimbilia chini ya jokofu,
tukapiga magoti wote wawili, kuitafuta,
bega kwa bega, na sikio langu
karibu kabisa na shati lake.